Vikielea Vimeundwa: Msuko na Wahusika katika Kuandika Upya Riwaya

Utangulizi

Mtahiniwa anapoulizwa jinsi mwandishi alivyofaulu katika ploti ya riwaya, aghalabu huisimulia hadithi nzima kuanzia ukurasa wa kwanza. Anapoulizwa kuhusu mhusika, hutoa orodha ya sifa: ni mwenye bidii, ni mzalendo, ni katili, ni mwenye mapenzi ya dhati. Majibu ya aina hii huweza kumpa alama mbili tatu, lakini hayaonyeshi kwamba anafahamu kuwa riwaya ni kazi iliyoundwa. Kitabu kilichoteuliwa humfikia kikiwa kimeshapigwa chapa na kutiwa jalada, naye hukichukua kana kwamba hakingeweza kuwa vinginevyo.

Wahenga walinena: ukiona vyaelea, vimeundwa. Kabla ya riwaya kuelea ilikuwa mswada. Katika mswada huo huenda palikuwa na mhusika ambaye sasa hayumo, au tukio lililohamishwa kutoka mwisho likawa mwanzo, au msimulizi mwingine kabisa. Mhakiki anayejua kuuliza maswali ya mswada huuona msuko waziwazi zaidi kuliko yule aliyekariri muhtasari.

Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba katika kuandika upya riwaya, kuimarisha msuko na kuimarisha wahusika si kazi mbili bali ni moja. Mara nyingi pengo katika msuko ni swali kuhusu mhusika ambalo mwandishi hajalijibu. Kwanza tutatofautisha kusahihisha na kuandika upya. Pili, tutaangalia riwaya mbili ambazo hali zake mbili, ya kwanza na ya baadaye, zinaweza kusomwa na yeyote. Tatu, tutazitazama riwaya mbili za Kiswahili kwa jicho hilohilo, na hatimaye tutapendekeza namna ya kulifanya zoezi hili darasani.

Kusahihisha si kuandika upya

Mwanafunzi akiambiwa arudie insha yake, hurekebisha tahajia, hubadilisha upatanisho wa kisarufi, huongeza methali moja na tashbihi mbili, kisha huirudisha. Hilo ni jambo zuri, lakini ni kusahihisha. Kuandika upya huanza pale mwandishi anapojiuliza kwa nini tukio hili lifuate lile, na kwa nini mhusika huyu, wala si mwingine, ndiye alitende.

E. M. Forster, katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka wa 1927 kwa jina Aspects of the Novel, alitofautisha hadithi na msuko. Hadithi hupanga matukio kwa kufuata wakati. Msuko huyafunga matukio hayohayo kwa sababu na matokeo. Katika Kiswahili tunaweza kulieleza jambo hili kwa maneno yetu mepesi. Hadithi huunganishwa kwa "kisha". Msuko huunganishwa kwa "kwa hivyo" na "lakini". Mswada ambao kila sura yake inaungwa na ya pili kwa "kisha" tu huchosha, hata lugha yake iwe ya mvuto kiasi gani.

Neno msuko lenyewe linatufunza. Asili yake ni kusuka, kama ukili unavyosukwa kwa miyaa. Msusi akichomoa mwaa mmoja, mwingine hulegea. Ikiwa mwandishi anaweza kuing'oa sura nzima na riwaya isitikisike, basi sura hiyo haikusukwa, ilibandikwa. Vivyo hivyo kwa mhusika: ikiwa anaweza kuondolewa na hakuna tukio linalobadilika, basi ni pambo.

Forster huyohuyo ndiye aliyeeneza mgawanyo wa wahusika bapa na wahusika duara ambao walimu tunautumia hadi leo. Tatizo ni kwamba tumeufanya kuwa mgawanyo wa majina, hali ulikusudiwa kuwa kipimo. Mhusika duara ni yule anayeweza kutushangaza, nasi tukaamini. Atatushangaza kwa nini kama si kwa tendo? Na tendo litatoka wapi kama si katika msuko? Henry James, katika makala yake The Art of Fiction ya mwaka wa 1884, alikwisha kuona kwamba mhusika na tukio haviachani: mhusika ndiye huamua tukio, na tukio ndilo hutuonyesha mhusika. Tukilishika hilo, tutaacha kuwafunza wanafunzi wetu "ploti" wiki ya kwanza na "wahusika" wiki ya tatu kana kwamba ni vitu viwili visivyojuana.

Mswada mmoja, riwaya mbili

Ni nadra msomaji kupewa nafasi ya kuiona riwaya maarufu ikiwa bado mswada. Nafasi hiyo ilipatikana mwaka wa 2015, pale ilipochapishwa Go Set a Watchman ya mwandishi wa Marekani, Harper Lee. Mswada huo aliuwasilisha kwa wachapishaji J. B. Lippincott mwaka wa 1957. Mhariri wake, Tay Hohoff, aliona kipaji ndani yake, lakini hakuona riwaya iliyokamilika. Lee akairudia kazi kwa zaidi ya miaka miwili, na kilichotokea mwaka wa 1960 kiliitwa To Kill a Mockingbird, riwaya iliyoshinda tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata.

Tuulinganishe mswada na riwaya. Katika mswada, mhusika mkuu ni Jean Louise Finch, mwanamke wa miaka 26 anayerudi kutoka New York kuitembelea Maycomb, mji mdogo wa Alabama alikozaliwa. Usimulizi ni wa nafsi ya tatu. Anagundua kwamba baba yake, wakili Atticus, anahudhuria mkutano wa baraza la Wazungu wanaopinga haki za Waafrika-Wamarekani. Tangu hapo kitabu kinajaa majibizano: binti na mchumba, binti na baba mdogo, binti na baba. Utoto wake unaletwa kwa mbinu rejeshi, vipande vipande. Kesi ambayo Atticus alimtetea kijana mweusi aliyeshtakiwa kwa ubakaji inatajwa kwa ufupi tu, na katika mswada huo mshtakiwa anaachiliwa huru.

Katika riwaya ya 1960 mambo yamepinduliwa. Kilichokuwa kisengere nyuma kimekuwa hadithi yenyewe. Tumerudishwa miaka ya 1930, na msimulizi ni Jean Louise huyohuyo akiitwa Scout, katika nafsi ya kwanza, akianza kutusimulia alipokuwa hajatimiza miaka sita. Kesi iliyotajwa kwa ufupi imekuwa mhimili, na mshtakiwa, Tom Robinson, anapatikana na hatia ijapokuwa ushahidi uko wazi. Wameingia wahusika ambao mswada haukuwa nao: Boo Radley, jirani anayejifungia ndani, na Bob Ewell, baba wa msichana anayedai kubakwa.

Hapa ndipo penye somo. Hebu tuwatazame wahusika hao wawili wapya. Sehemu ya kwanza ya riwaya imejaa watoto wanaomwogopa na kumchungulia Boo, naye anawaachia zawadi ndogondogo katika tundu la mti. Sehemu ya pili ni kesi. Kwa juu juu, sehemu hizo hazihusiani. Bob Ewell ndiye anayezifunga pamoja. Mahakamani, Atticus anamfanya aandike jina lake, ikaonekana ni mtu wa mkono wa kushoto. Msichana alipigwa zaidi upande wa kulia wa uso, naye Tom Robinson mkono wake wa kushoto umelemaa. Ewell anashinda kesi lakini anaaibika mbele ya mji mzima. Kwa hivyo anatafuta kisasi. Kwa hivyo anawavizia watoto wa Atticus usiku wakitoka shuleni. Kwa hivyo Boo, aliyekuwa akiwatazama watoto hao kwa muda mrefu, anatoka nje kuwaokoa.

Msomaji ataona kwamba Lee hakuongeza "visa" ili kitabu kinenepe. Aliongeza watu wenye nia, na nia zao zikazaa visa. Aibu ya Ewell na upendo wa kimya wa Boo ndivyo vilivyoyafunga majibizano ya mswada kuwa matendo. Aidha, kumbadilisha msimulizi kuliongeza kinaya: mtoto anaona yote bila kuelewa yote, nasi tunaelewa zaidi yake. Katika mswada, Jean Louise anatuambia kuwa mji umeoza. Katika riwaya, mtoto anatuonyesha uozo bila kuutaja.

Hata hivyo, uhakiki wa haki lazima uulize pia kilichopotea. Atticus wa mswada ni mgumu zaidi kummeza. Ni baba mpole anayeheshimiwa, na papo hapo ni mtu anayeketi katika mkutano wa wabaguzi. Atticus wa 1960 ni nguzo ya haki, na kwa sehemu kubwa hatushangazi. Kwa kipimo cha Forster, huenda Atticus wa mswada ndiye aliye karibu zaidi na uduara. Ndiyo maana wasomaji wengi walisononeka mwaka wa 2015. Walihisi wamenyang'anywa shujaa. Kwa maoni yetu, riwaya ya 1960 ina msuko bora mno kuliko mswada, lakini ubora huo ulinunuliwa, na sehemu ya bei ilikuwa utata wa Atticus. Mtahiniwa anayeweza kutoa hoja ya namna hii kuhusu kitabu chake mwenyewe, akasema mwandishi alipata nini na akapoteza nini, amekwisha kuwa mhakiki.

Badiliko dogo, uzito mkubwa

Mfano wa pili ni wa nyumbani. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o alichapisha A Grain of Wheat mwaka wa 1967, akaitoa tena ikiwa imefanyiwa marekebisho katika miaka ya 1980. Tofauti na Lee, Ngũgĩ hakuugusa mhimili wa msuko wake. Matukio bado yanazunguka siku chache kabla ya sherehe za Uhuru za Desemba 12, 1963, katika kijiji cha Thabai. Mugo bado ndiye anayeheshimiwa kama shujaa, hali yeye ndiye aliyemsaliti Kihika. Mbinu rejeshi bado zinatufunulia siri moja baada ya nyingine mpaka ungamo la mbele ya umati.

Miongoni mwa mambo yaliyobadilishwa ni tendo la mpiganaji aliyekuwa mtumishi katika nyumba ya Dkt. Lynd, mwanamke wa Kizungu. Katika toleo la kwanza anambaka mwanamke huyo. Katika toleo lililorekebishwa ubakaji umeondolewa, na kilichobaki ni kuuawa kwa mbwa wake. Ni kurasa chache, lakini uzito wake si mdogo. Mpiganaji yule si mtu yuleyule tena, na namna tunavyowatazama wapiganaji wa msituni inabadilika pamoja naye.

Je, riwaya iliimarika? Hoja zipo pande zote mbili. Anayelitetea badiliko atasema kwamba tendo zito kama ubakaji haliwezi kuwekwa katika riwaya kisha likapitwa kwa haraka; kama halitafuatiliwa katika moyo wa mhusika na wa mwathiriwa, ni afadhali lisiwepo. Anayelipinga atasema kwamba nguvu ya riwaya hii ni kuwa karibu kila mtu ana doa: Mugo ana usaliti, Gikonyo alikula kiapo kisha akakiri ili aachiliwe kutoka kizuizini, Mumbi ana mtoto aliyezaa na Karanja. Kumsafisha mmoja ni kuuvunja mpangilio huo. Sisi tunaona kwamba hoja ya pili ina uzito zaidi kwa upande wa muundo, na ya kwanza ina uzito zaidi kwa upande wa haki kwa mhusika mwanamke. Mwalimu asiwaamulie wanafunzi. Awaache wabishane, mradi kila mmoja atoe sababu kutoka katika kitabu.

Funzo hapa ni moja: mhusika habadilishwi kwa kumwongezea kivumishi. Mwandishi anaweza kuandika mara kumi kwamba fulani ni mpole, lakini tendo moja la ukatili litaufuta upole wote huo. Atakaye kumbadilisha mhusika, na ambadilishie tendo.

Jicho la mswada katika riwaya za Kiswahili

Waandishi wetu wengi hawajatuachia miswada ya kulinganisha. Hilo lisituzuie. Tunaweza kuisoma riwaya iliyokamilika huku tukijiuliza: ningeliondoa hili, nini kingeanguka? Ningeliwabadilishana hawa nafasi, hadithi ingekwenda wapi? Haya ndiyo maswali ambayo mhariri humwuliza mwandishi, na ni maswali mazuri kwa mtahiniwa vilevile.

Tuanze na Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyochapishwa mwaka wa 1980 na kuwahi kutahiniwa katika shule zetu. Maimuna anatoka katika nyumba ya Bwana Maksuudi iliyokuwa kama gereza, akaishia katika ulevi na udhalili wa mjini. Msomaji wa haraka atasema Maimuna alipotoka. Mhakiki atarudi nyuma, ukili kwa ukili. Maksuudi aliwahi kumdhulumu Mwanasururu. Kwa hivyo Farashuu, mamake Mwanasururu, ana kinyongo. Maksuudi amewafungia ndani mkewe na bintiye, akifanya hata kuingia kwa mgeni kuwe kosa. Kwa hivyo Bi. Tamima anapopatwa na uchungu wa kuzaa na mumewe hayupo, kuletwa kwa mkunga kunakuwa uasi. Na mkunga mwenyewe ni Farashuu. Maksuudi anarudi, hasira zinampanda, ndoa inavunjika, na mlango uliokuwa umefungwa kwa Maimuna unabaki wazi.

Hebu tujaribu kuondoa. Tuondoe ukali wa Maksuudi: mkunga si habari tena, ni jirani aliyekuja kusaidia. Tuondoe dhuluma ya zamani: Farashuu hana haja na nyumba ile. Kila hatua inasimama juu ya tabia ya mtu fulani. Ndiyo maana kitabu hiki kinasomeka kama jambo lisiloepukika. Mtahiniwa akiulizwa, "Maksuudi ndiye chanzo cha maangamizi ya jamii yake. Jadili," asiorodheshe makosa yake kama hesabu ya duka. Aonyeshe jinsi kosa moja linavyolifungulia jingine mlango.

Swali gumu zaidi ni kuhusu Maimuna mwenyewe. Je, tangu anapotoka nyumbani, yeye hutenda au hutendwa? Kuna kurasa ambazo anachukuliwa na wengine kama gogo katika mkondo wa maji. Mtu anaweza kudai kwamba huo ni udhaifu wa usawiri. Mwingine anaweza kudai kwamba ni ukweli mchungu: msichana aliyefungiwa tangu utotoni hajafunzwa kuchagua, kwa hivyo uhuru unamkuta hana macho. Tunaegemea upande wa pili, kwa kuwa malezi hayo yamesawiriwa kwa kina kabla ya safari kuanza. Kutoweza kwake kuchagua kumeandaliwa.

Mfano wa pili ni Kidagaa Kimemwozea ya marehemu Ken Walibora, ambayo nayo iliwahi kuteuliwa. Amani na Imani wanakutana wakiwa wageni, wakaingia Sokomoko pamoja. Amani anapata kazi ya kuchunga ng'ombe wa Mtemi Nasaba Bora. Imani anaajiriwa nyumbani kwa Mwalimu Majisifu, nduguye Mtemi, kuwatunza watoto wenye ulemavu. Wahakiki wengi wamezungumzia wingi wa sadfa katika riwaya hii, na miongozo huiorodhesha kama mbinu ya uandishi bila kuipima. Lakini sadfa zote hazina uzito sawa. Sadfa inayoanzisha matatizo huvumilika, kwa sababu maisha yenyewe huanza hivyo. Watu wawili hukutana njiani. Sadfa inayotatua matatizo ndiyo ya kushukiwa, kwa sababu humnyima mhusika kazi yake. Kukutana kwa Amani na Imani ni kwa aina ya kwanza. Mtahiniwa azipitie nyingine moja moja akitumia kipimo hiki, naye atakuwa amesema jambo ambalo mwongozo haukumwambia.

Tulete sasa swali la kubadilishana nafasi. Mswada wa Amani uliibwa na kuchapishwa kwa jina la Majisifu. Kwa nini basi mwandishi hakumweka Amani katika nyumba ya Majisifu? Hapo mwizi na mwenye mali wangelala chini ya paa moja, na taharuki ingepanda tangu mwanzo. Tukifikiri kidogo tutaona sababu. Riwaya ingekuwa ya wizi wa mswada basi, na Mtemi angekuwa mtu wa pembeni. Walibora alitaka Amani awe karibu na mamlaka, ambako unyakuzi na dhuluma ya nchi nzima inaonekana, na Imani awe karibu na aibu ya nyumbani ambayo Majisifu anaificha kwa ulevi. Ndugu wawili, nyumba mbili, wageni wawili: mmoja anauona uozo wa utawala, mwingine anauona uozo wa msomi. Mpangilio huo haukutokea kwa bahati. Na kwa kuwa riwaya yenyewe ina mswada uliochapishwa na asiyeuandika, inatukumbusha thamani ya kazi ambayo Majisifu aliikwepa. Aliyeiba mswada hakuiba maneno tu. Aliiba pia jasho la kuyapanga.

Darasani: kuisuka upya hadithi ya mwanafunzi

Yote haya hayatakuwa na maana ikiwa mwanafunzi hatayafanya kwa mkono wake. Chukua mfano wa insha ambayo kila mwalimu amekwisha kuisahihisha mara nyingi, ijapokuwa majina hubadilika. Sidi ni yatima wa baba. Anafukuzwa shule kwa kukosa karo. Anatembea barabarani akilia. Anaokota mkoba umejaa noti. Anamtafuta mwenyewe na kuurudisha. Mwenye mkoba ni mkurugenzi wa kampuni kubwa. Anafurahi, anamlipia Sidi karo hadi chuo kikuu. Sidi anakuwa daktari.

Mwalimu akiishika kalamu nyekundu, atasahihisha "alimulipia" iwe "alimlipia" na kuandika pembeni "vizuri". Lakini hadithi haina msuko. Mkoba ulianguka kutoka mbinguni, na mkurugenzi pia. Sidi hakuchagua lolote lenye gharama, kwa kuwa uaminifu wake umelipwa papo hapo.

Sasa tuisuke upya bila kuongeza mhusika wa ajabu. Mwenye mkoba awe mwenye duka la kijijini, yuleyule aliyemnyima mamake Sidi unga wa mkopo wiki iliyopita. Sidi anaujua mkoba ule. Ameuona juu ya meza ya duka. Anatoa humo karo kamili, wala haongezi hata shilingi, kisha usiku anauacha mkoba mlangoni mwa duka. Kesho yake amerudi darasani. Lakini mwenye duka amehesabu pesa, na anayeshukiwa ni kijana wa bodaboda aliyembeba jioni ile. Kijana amekamatwa. Ndiye kila siku humbeba mamake Sidi kwenda zahanati bila malipo anapougua. Sidi afanye nini?

Hakuna sentensi hata moja iliyosema kwamba Sidi ni mwaminifu, ni mwoga au ana utu. Hata hivyo, tayari tuna mhusika duara, kwa kuwa tuna msichana anayejipimia wizi kwa kiasi cha karo, asiyejua kama alichofanya ni dhambi au haki. Vilevile tuna msuko, kwa kuwa kila tukio limelazimishwa na lililotangulia. Mwanafunzi akifika hapa, mwisho wa hadithi atautafuta yeye mwenyewe, na hatauomba kwa mkurugenzi.

Tunapendekeza hatua zifuatazo, ambazo zinafaa kwa hadithi ya mwanafunzi, kwa mswada wa mwalimu anayeandika, na kwa uchambuzi wa kitabu kilichoteuliwa:

1. Andika kila kitushi kikuu katika kikaratasi chake, sentensi moja tu. Vipange mezani.

2. Kati ya kikaratasi na kikaratasi, weka "kwa hivyo" au "lakini". Palipobaki "kisha" pekee, weka alama. Hapo ndipo penye kazi.

3. Kwa kila mhusika mkuu, jibu maswali matatu: anataka nini? Anaogopa nini? Yuko tayari kulipa gharama gani? Asiyeweza kujibiwa hata swali moja huenda hahitajiki, au hajaandikwa bado.

4. Rudi kwenye kila alama ya "kisha" na uulize ni nia ya mhusika yupi inayoweza kuliziba pengo hilo. Usizibe kwa ajali, ndoto wala tajiri mgeni.

5. Ondoa kikaratasi kimoja kimoja. Kikiondoka na hakuna kilichotikisika, kiache nje.

6. Soma mwanzo na mwisho kwa pamoja. Je, kinachotatua mwisho kilipandwa mwanzoni? Boo Radley alikuwapo tangu sura ya kwanza.

7. Lugha, tahajia na tamathali zisahihishwe mwisho. Hakuna haja ya kuipamba sentensi itakayofutwa.

Kwa mtahiniwa wa karatasi ya tatu, hatua ya pili na ya tano ndizo za kuzingatia zaidi. Swali la alama ishirini kuhusu ploti au mhusika halijibiwi kwa muhtasari. Linajibiwa kwa hoja, tukio linalothibitisha hoja, na maelezo ya jinsi tukio hilo linavyolizaa jingine. Anayeandika "Farashuu ni mlipiza kisasi" ametoa sifa. Anayeandika "kisasi cha Farashuu kinapata njia kwa sababu Maksuudi ameigeuza nyumba yake kuwa gereza" ameunganisha wahusika wawili na msuko katika sentensi moja.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba msuko imara hautokani na wingi wa visa, wala mhusika hai hatokani na wingi wa sifa. Lee aliongeza watu wenye nia, na mswada wa majibizano ukawa riwaya ya matendo, ingawa Atticus alipoteza sehemu ya utata wake. Ngũgĩ alibadilisha tendo moja, na hukumu yetu juu ya mpiganaji mzima ikabadilika. Mohamed na Walibora wanatuonyesha kwamba nafasi aliyopewa mhusika, nyumba anamoishi, na mlango anaoingilia ni sehemu ya msuko sawa na tukio lolote.

Walimu tunalo jukumu hapa. Tukiendelea kuwapa wanafunzi muhtasari na orodha za sifa, tutapata watahiniwa wanaokumbuka na waandishi wanaobandika. Kipindi kimoja cha dakika arobaini chatosha kuanza: vikaratasi kumi kwa kila kundi, sura tatu za kitabu kilichoteuliwa, na swali moja ubaoni, "Ukikitoa hiki, nini kitaanguka?"